Mtawa wa Kibaniani aliyeapa kutogusa pesa

Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii tumelelewa nayo sote, awe mtu ni wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe, na mara nyingi twaitumia bila ya kumkusudia Baniani yeyote. Mtu humsengenya jirani yake wiki nzima, kisha siku ya haja akaenda kumpigia hodi, na walioko barazani wakacheka na kuitaja methali. Lakini ukiipima vizuri, methali yenyewe ni ushahidi juu yetu sisi. Katika karne zote tulizokaa na watu hawa, tulivyoviona kwao ni vitu viwili tu: ubaya ambao hatukueleza ni upi, na kiatu ambacho kilitufaa.

Kiatu chenyewe, bila shaka, ni duka. Baniani tuliyemjua ni yule wa mizani na daftari, aliyempimia mama mchele wa mkopo na kuandika deni kwa hati ambayo hapana aliyeweza kuisoma ila yeye. Wakubwa wao walikuwa wakikodi forodha ya Unguja tangu enzi za Seyyid Said. Lugha yetu imejaa maneno yaliyopita mikononi mwa Wahindi: pesa, laki, bima, chapati, kachumbari. Yote ni ya soko na ya jikoni. Neno la elimu au la dini tulilolipata kwao, mimi silijui hata moja.

Basi leo nataka kumsimulia msomaji habari za mtu mmoja wa watu hao ambaye hakuwa na duka wala mizani, na ambaye kwa kiapo cha utawa wake hakuruhusiwa kugusa sarafu tangu ujanani hadi siku ya kufa kwake. Jina lake la utawa lilikuwa Yagnapurushdas. Wafuasi wake walimwita Shastriji Maharaj. Shastri kwa lugha yao ni mtu aliyebobea katika vitabu vyao vya Kisanskriti, na hilo Maharaj ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema sheikh au maalim.

Mtu huyu hakuwahi kukanyaga pwani ya Afrika. Mafundisho yake ndiyo yaliyofika. Yaliingia Kilindini ndani ya mifuko ya posta, yakapakiwa kwenye treni, yakavuka Makupa, yakapita hapa Changamwe na kwenda zake bara, na sisi tuliokuwa tukiitazama treni hiyo ikipanda kilima hatukujua imebeba nini.

ALBIRUNI ALITUTANGULIA

Huenda msomaji akauliza, Mwislamu ana haja gani na habari za watawa wa Kihindi? Swali hili si jipya, na jawabu lake alikwisha kulitoa mtu mkubwa kuliko mwandishi wa gazeti. Mnamo mwaka 1026 Sultani Mahmud wa Ghazna alilishambulia hekalu la Somnath, katika nchi ya Gujarat, na habari hiyo wanaikumbuka mpaka leo Waislamu na Mabaniani, kila mmoja kwa namna yake. Katika watu wa dola ya Sultani huyo alikuwamo mwanachuoni mmoja, Abu Raihan Albiruni. Huyu hakushughulika na ngawira. Alikaa na wenye elimu wa Kihindi, akajifunza Kisanskriti, na kiasi cha mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya dini, hesabu, nyota na desturi za watu hao. Alieleza wanavyoamini kwa mujibu wa vitabu vyao wenyewe, hakuwasingizia, wala hakuficha kwamba yeye haamini wanavyoamini.

Nami nafuata njia hiyo hiyo. Mambo mengine ya mtu huyu hayakubaliani na tauhidi yetu, na nitayataja waziwazi yatakapofika.

MWANACHUONI NA MSHONA NGUO

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1865 katika kijiji cha Mahelav, Gujarat, katika nyumba ya wakulima. Jina la kuzaliwa lilikuwa Dungar. Sehemu hiyo ya nchi huitwa Charotar, nami namwomba msomaji alishike jina hilo kwa sababu tutalirudia.

Wakulima wa huko wengi wao walikuwa wafuasi wa Swaminarayan, aliyezaliwa kaskazini mwa Bara Hindi mwaka 1781 na kufariki Gujarat mwaka 1830. Swaminarayan aliwakataza wafuasi wake mambo matano: ulevi, nyama, uzinzi, wizi na uchafu wa mwili na mwenendo. Hayo ni kwa watu wa kawaida. Watawa wake walifungwa kamba ngumu zaidi. Mtawa hashiki pesa. Hazungumzi na mwanamke. Hana nyumbani kwao tena. Na ulimi wake hautakiwi kupata raha ya chakula, kwa hiyo vyote anavyopewa, vitamu na vikali, wali na mchuzi na maandazi, huvichanganya pamoja katika bakuli la mti na kuvitia maji, kisha ndipo akala. Wala vyakula hivyo havikutiwa kitunguu tangu mwanzo, wala thomu. Mimi mtu wa pwani nilipoyasoma hayo niliona kwamba kiapo cha pesa ningekiweza labda, lakini hiki cha bakuli kingenishinda siku ya kwanza.

Dungar aliingia utawani mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Alisoma Kisanskriti kwa bidii mpaka wakubwa zake wakaona hapa pana mtu. Kama angetaka kukaa kimya, angekuwa mmoja wa watu wa mbele katika hekalu kubwa la Vadtal, makao makuu ya madhehebu yao upande wa kusini.

Lakini akakutana na mshona nguo. Pragji Bhakta alikuwa fundi wa kushona kutoka Mahuva, mtu wa tabaka la chini kwa hesabu za Kihindi, wala hakuwa mtawa, na wakati mmoja alikwisha kufukuzwa katika madhehebu kwa ajili ya yale aliyokuwa akiyasema. Elimu ya vitabu hakuwa nayo ya kutajika. Yagnapurushdas, kijana msomi mwenye joho la utawa, alimsikiliza, akaona kwamba mtu huyu analijua lile ambalo vitabu vinalieleza tu, akamfanya mwalimu wake. Jambo hilo liliwaudhi wengi. Mtawa msomi anakaaje chini ya fundi wa sindano? Fundi huyo alifariki mwaka 1897, na mwanafunzi wake hakurudi nyuma.

Sifananishi dini na dini, lakini msomaji wa pwani hatakosa kukumbuka yaliyotokea Lamu katika zama hizo hizo. Habib Saleh, mgeni kutoka Ngazija, aliwafungulia darasa watu ambao wenye majina wa mji ule hawakuona kwamba wanastahili kusomeshwa, na baadhi ya wenye majina wakachukia. Leo Riyadha inajulikana Afrika Mashariki nzima. Wale waliochukia hawatajwi isipokuwa kwa ajili yake.

Sasa tufike kwenye itikadi yenyewe. Yagnapurushdas alifundisha, kama alivyofundishwa na mshona nguo, kwamba pamoja na Mungu kuna mtumishi wake wa milele, kwa jina Akshar, na kwamba mtumishi huyo huonekana duniani katika sura ya mwalimu aliyekamilika, na kwamba mwanadamu hafiki kwa Mungu ila kwa kushikamana na mwalimu huyo. Alitaka sanamu ya mtumishi iwekwe hekaluni kando ya sanamu ya bwana wake. Wazee wa Vadtal walikataa kabisa. Kwa Mwislamu njia zinaachana mapema zaidi, hapo hapo kwenye sanamu, na hata hilo la mwalimu kuwa ndiye mlango wa pekee lina maneno mengi. Hatuna haja ya kuzunguka. Hata hivyo, anayejua mabishano yetu wenyewe juu ya mashekhe wa tariqa na silsila zao ataelewa kwamba ugomvi wa Vadtal haukuwa wa kitoto. Ulikuwa juu ya swali ambalo watu wa dini nyingi wamelipigania: ni nani anayemwongoza mtu kwa Mola wake, na kwa idhini ya nani?

Tarehe 12 Novemba 1905 aliondoka Vadtal. Alitoka na watawa watano na wafuasi wachache, bila mali, kwani mali hawakuruhusiwa kuwa nayo. Wafuasi wake husimulia kwamba alitishwa hata kuuawa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, umri ambao watu wengi huanza kutafuta utulivu. Mwaka 1907, tarehe 5 Juni, aliweka sanamu zake mbili katika hekalu jipya la Bochasan, kijiji cha huko huko Charotar, na hapo ndipo ilipoanza jumuiya ambayo leo kwa kifupi huitwa BAPS. Baadaye akajenga Sarangpur mwaka 1916, Gondal mwaka 1934 na Atladra mwaka 1945. La tano, la Gadhada, hakuwahi kulifungua. Alifariki Sarangpur tarehe 10 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 86.

BARUA ZILIZOPITA CHANGAMWE

Tulisema msomaji alishike jina la Charotar. Sababu yake ni hii.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa wafanyakazi hao walitoka Punjab, na Waislamu miongoni mwao walikuwa wengi. Hao ndio waliovunja mawe. Reli ilipokwisha, palihitajika watu wa aina nyingine: makarani, watunza bohari, stesheni masta, watu wanaoandika Kiingereza na kujua hesabu. Wakati huo huo Gujarat ilikuwa imetoka katika njaa kubwa ya mwaka 1899 na 1900. Mashamba ya Charotar yalikuwa yamegawanywa kwa warithi mpaka yakawa vipande, na vijana wa ukoo wa Patel walikuwa wamesoma lakini hawana la kulima. Wakavuka bahari. Ndiyo maana jina la Patel lilienea katika ofisi za reli kuanzia Mombasa hadi Uganda.

Baadhi ya vijana hao walikuwa wamelelewa katika mafundisho ya Shastriji Maharaj. Mtu aliyewekwa stesheni ya nyikani, ambako treni hupita mara chache na jirani ni simba, alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Hapakuwa na hekalu. Mtawa wa kuwafuata hakuwapo, maana kuvuka bahari kulikuwa mwiko kwa Wahindi wengi wa dini, na mtu asiyeshika pesa wala kuzungumza na wanawake atasafirije katika meli?

Dawa ikawa barua. Mtawa mmoja wa karibu na Shastriji, Nirgundas Swami, alijipa kazi ya kuwaandikia watu wa Afrika. Hazikuwa barua za kuulizana hali. Zilikuwa za kurasa nyingi, baadhi yake karibu kitabu kizima, zenye habari za mwalimu wao, alikokwenda, alichosema, pamoja na ufafanuzi wa mambo magumu ya itikadi. Barua moja ilisomwa na wengi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 wafuasi walioko Nairobi walikuwa na mkutano wa kila wiki, na wanaoongoza walikuwa watu wa reli na wa ofisi, si watawa. Mtu aliyepiga filimbi ya treni mchana ndiye aliyewasomea wenziwe dini usiku.

Ni miaka ile ile ambayo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa Al-Islah hapa Mombasa, mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome na wazindukane. Karatasi mbili za dini, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kigujarati, zilikuwa zikipita katika mji mmoja, pengine katika posta moja. Wasomaji wa ile hawakujua habari za wasomaji wa hii.

CHINI YA BENDERA YA SULTANI

Mwaka 1955 mrithi wa Shastriji alifika mwenyewe. Yogiji Maharaj, aliyezaliwa Dhari mwaka 1892, hakuwa mwanachuoni kama mwalimu wake. Sifa yake ilikuwa upole na khidma, na alijulikana kwa kuwapikia na kuwaandalia wageni hata baada ya kuwa mkubwa wao. Alifuatana na mtawa kijana, Narayanswarupdas, ambaye Shastriji alikuwa amemteua kuwa rais wa jumuiya mwaka 1950 akiwa na miaka 28 tu. Katika safari hiyo Yogiji alilifungua hekalu la Mombasa, miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya jumuiya hiyo nje ya Bara Hindi.

Na tukumbuke mwaka 1955 Mombasa ilikuwaje. Nairobi na Mlima Kenya zilikuwa katika Hali ya Hatari. Hapa kwetu Waingereza walitawala, lakini kwa mkataba mwambao ulikuwa bado ni wa Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Ngome. Mtawa wa Kibaniani alifungua hekalu lake chini ya bendera ya mfalme wa Kiislamu, na hapana aliyerusha jiwe. Jambo hilo hatulisifu kwa sababu tumelizoea. Wamepita watu katika miji mingine ya dunia ambao wangetamani kulizoea.

Lakini kutorusha jiwe si sawa na kujuana. Watu wa Likoni walivuka kivuko kila alfajiri kwenda kufanya kazi katika maduka na majumba ya Kihindi. Wa Kisauni walivuka daraja la Nyali. Walipika, walifua, walibeba watoto. Walijua ni siku ipi ya mwezi bibi wa nyumba hali nafaka, hawakuuliza kwa nini. Lawama si yetu peke yetu, kwani bibi naye aliona mtumishi wake akifunga Ramadhani nzima na hakuuliza. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi mtumishi alikuwa na kikombe chake mbali, kilichotundikwa nje, na jambo hilo liliwaumiza wazee wetu kuliko ule mshahara mdogo. Shastriji Maharaj alikaa chini ya mshona nguo na kuwaudhi watu wa tabaka lake. Wafuasi wake waliovuka bahari walikuwa na mfano huo mkononi, na wengi hawakuutumia kwa Mwafrika. Kwa miaka mingi mafundisho hayo yalibaki ndani ya nyumba za Wahindi, kwa lugha ya Kigujarati, kama kwamba nje ya dirisha hapana watu. Nasema hivi bila chuki. Anayetaka mtawa huyu aheshimiwe na majirani hana budi kulisikia.

Yogiji alirudi Afrika Mashariki mwaka 1960, na tena mwaka 1970, akafariki Januari 1971. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na wengi wa Kenya nao walikuwa wameshaanza kuondoka kwa mambo ya uraia na leseni za biashara. Walikokwenda ni Uingereza. Hekalu kubwa la marumaru lililofunguliwa Neasden, London, mwaka 1995, na kushangaza Waingereza kwa nakshi zake, lilijengwa kwa jasho la watu ambao wengi wao walizaliwa au kufanya kazi Afrika Mashariki. Kama kuna siku utakuwa huko, jaribu kumwamkia mzee mmoja kwa Kiswahili. Nairobi nayo ilipata la mawe na mbao zilizochongwa mwaka 1999. Kwa hiyo njia ya kutoka Charotar hadi London haikwenda moja kwa moja. Ilipita Kilindini.

Aliyeyajenga hayo ni yule mtawa kijana wa mwaka 1955, ambaye sasa dunia ilimjua kwa jina la Pramukh Swami. Kwake nitamalizia, kwa sababu kuna mambo mawili juu yake yanayomhusu Mwislamu.

Mapema mwaka 2002 Gujarat iliwaka moto wa fitina, na zaidi ya watu elfu moja waliuawa, wengi wao Waislamu. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo watu wawili wenye bunduki waliingia katika hekalu lake la Akshardham, mjini Gandhinagar, wakaua watu zaidi ya thelathini. Kila mtu alingojea kisasi, na mnyonge wa Gujarat alijua kitamwangukia nani. Pramukh Swami aliwataka wafuasi wake watulie na waombe dua, asitafutwe mtu wa kulipizwa. Baadaye alifika mahali penyewe, akaomba na kunyunyiza maji na maua pale watu walipoangukia, na wauaji pia walikuwa wameangukia pale pale. Fujo haikutokea. Sijui ni watoto wangapi wa Kiislamu walikua wakubwa kwa sababu ya maneno hayo machache ya mzee.

La pili ni urafiki wake na Abdul Kalam, mwanasayansi aliyekuwa rais wa India tangu 2002 hadi 2007. Kalam alikuwa Mwislamu, mtoto wa imamu wa Rameswaram, mji mdogo wa pwani ambako msikiti na hekalu ni majirani na watu huishi kwa bahari kama sisi. Walikutana mwaka 2001, na Kalam akamhesabu mtawa huyo kuwa mwalimu wake wa mambo ya roho, bila ya kuiacha dini yake. Mwezi Juni 2015 alitoa kitabu juu ya mazungumzo yao, kiitwacho Transcendence, alichokiandika pamoja na Arun Tiwari. Kalam alifariki mwezi uliofuata. Pramukh Swami alifariki tarehe 13 Agosti 2016, akiwa na umri wa miaka 94, katika kijiji cha Sarangpur, pale pale alipofia mwalimu wake aliyekaa chini ya mshona nguo.